Maecenas, Messalla au Plinius: mshairi wa Roma abishe mlango wa nani?

Tuseme umezaliwa Italia ya kale, kipaji cha ushairi unacho, na shamba la kukulisha huna. Mchapishaji wa kukulipa hayupo. Muuza vitabu akiona kazi yako inatafutwa, atawaketisha watumwa wake wainakili kwa mkono, auze magombo dukani kwake, na wewe usione hata sarafu moja, kwa sababu haki ya mtunzi ni jambo ambalo sheria ya Roma haikulijua. Unabaki na tajiri mwenye nyumba kubwa, anayependa kusikia beti zikisomwa baada ya chakula na asiyechukia jina lake kutajwa ndani yake. Warumi walimwita mtu huyo rafiki, basi. Ilikuwa lugha ya adabu tu. Kila mtu alijua nani anaamka gizani kwenda kumwamkia nani.

Matajiri wa namna hiyo walikuwa wengi. Hapa nawaweka watatu bega kwa bega: Maecenas na Messalla, walioishi zama moja chini ya Augustus, mtawala wa kwanza wa dola ya Kirumi, na Plinius Mdogo aliyekuja kama miaka mia moja baadaye. Asinius Pollio angestahili kuwamo, maana ndiye aliyefungua maktaba ya kwanza ya umma mjini Roma, ila washairi wake hawakutuachia mengi ya ndani ya nyumba yake, na mimi napenda kujua ya ndani.

Watu wakilinganisha wafadhili huuliza nani alitoa zaidi. Swali hilo linapotosha. Mimi naliuliza hivi: ukishakula chake, utaweza kumwambia hapana?

Wenyewe

Gaius Maecenas alikuwa mtu wa Arretium, mji wa Waetruski, na mshairi Horatius anamsifu kuwa uzao wa wafalme. Mali yake ilikuwa haina hesabu. Hata hivyo useneta hakuutaka. Alibaki katika tabaka la wapanda farasi maisha yake yote, huku yeye ndiye akiachiwa Roma na Italia Octavianus, yaani Augustus wa baadaye, anapokwenda vitani. Alitembea mjini na kanzu isiyofungwa mkanda, jambo lililomkera mwanafalsafa Seneca hata miongo mingi baada ya mwenyewe kufa, na inasemekana ndiye wa kwanza kujenga bwawa la kuogelea la maji moto mjini Roma. Bustani zake aliziotesha kwenye kilima cha Esquiline, mahali palipokuwa makaburi ya maskini. Mwaka 1874 wachimbaji walifukua hapo ukumbi wenye ngazi za nusu duara, na mpaka leo unaitwa Ukumbi wa Maecenas, ingawa huenda ulikuwa ni sebule ya kulia chakula siku za joto.

Marcus Valerius Messalla Corvinus ni mtu wa aina nyingine kabisa: mtoto wa ukoo mkongwe, askari, msemaji hodari. Mwaka 42 KK alipigana Philippi upande wa Brutus na Cassius, wauaji wa Julius Caesar, wakashindwa, akaenda kwa Antonius, kisha kwa Octavianus. Mwaka 31 KK akawa konsuli, cheo cha juu serikalini, na mwaka 27 KK akafanyiwa gwaride la ushindi kwa vita vya Aquitania. Augustus alipomteua kuwa mkuu wa jiji, alijiuzulu baada ya siku chache tu. Kikumbuke kisa hicho, nitakirudia.

Plinius alikuwa wakili na seneta kutoka Comum, kando ya ziwa huko kaskazini mwa Italia. Akiwa kijana wa miaka 17 aliuona mlima Vesuvius ukilipuka mwaka 79 BK. Alipata ukonsuli mwaka 100, akamalizia utumishi wake akiwa liwali wa Bithynia na Pontus. Tunamjua kuliko wenzake kwa sababu barua zake zimebaki, na alizichagua mwenyewe za kutoa hadharani. Zisome ukijua kwamba aliyepigwa picha na mpiga picha ni mtu mmoja.

Kupokelewa

Horatius alikuwa mtoto wa mtumwa aliyeachwa huru. Naye alipigana Philippi upande ulioshindwa, akarudi akakuta nyumba na shamba la baba yake havipo tena, akanunua nafasi ya ukarani katika hazina ya serikali ili aishi. Washairi wenzake Vergilius na Varius ndio waliomtaja kwa Maecenas. Siku ya kukutana naye, anasema mwenyewe, aibu ilimkaba, maneno yakawa yanatoka moja moja. Hakujisingizia ukoo wala mashamba, alieleza alivyo. Maecenas akajibu machache, kama ilivyokuwa desturi yake. Horatius akaenda zake.

Kisha kimya. Miezi tisa baadaye ndipo akaitwa na kuambiwa kuwa sasa ni mmoja wa marafiki.

Zamani nilikuwa nikisoma kisa hiki naona ni maringo ya tajiri kumweka mtu roho juu miezi tisa. Siku hizi nakiona vingine. Nyumba ile ilikuwa ya mmoja wa watu wenye nguvu zaidi Roma nzima, na mgeni alikuwa askari wa adui wa jana. Kuchunguzwa kulikuwa lazima. La maana ni kwamba uchunguzi ulifanywa mara moja ukaisha, na baada ya hapo hakuna mahali Horatius anapolalamika kwamba alitakiwa kujithibitisha upya.

Kwa Messalla hukwendi kuokolewa na umaskini. Mshairi wake Tibullus analia kwamba urithi wake umepungua, lakini bado ana shamba na ni wa tabaka la wapanda farasi. Mshairi Ovidius wa Sulmo ni hivyo hivyo. Sulpicia, mshairi mwanamke, ni mpwa wa damu wa Messalla. Mlango wa nyumba ile hufunguliwa na ukoo, au na urafiki wa kambini. Ukishaingia, hata hivyo, kuna moyo: Ovidius alipozeeka alikumbuka kwamba Messalla ndiye wa kwanza kumsukuma atoe mashairi yake mbele za watu.

Mlango mwepesi kuliko yote ni wa Plinius. Anasimulia Aprili moja ambayo karibu haikupita siku bila mtu kusoma kazi yake mbele ya wasikilizaji. Wengi wa waalikwa walikaa nje wakipiga soga, wakituma mtu aulize: ameshaingia? amemaliza utangulizi? gombo amelikunjua mpaka wapi? Ndipo wakaingia kwa kujikokota, na kabla ya mwisho wakawa wameshanyatia mlango. Plinius alikuwa ndani, karibu kila mara, amekaa anasikiliza. Kwa kijana asiye na jina hilo si jambo dogo.

Mashamba mawili

Hapa ndipo tofauti inapokuwa wazi, na nitakaa kidogo.

Horatius alipata shamba katika milima ya Wasabini, ng'ambo ya Tivoli, karibu na Licenza ya leo. Wasomi kwa kawaida hulihesabu kuwa zawadi ya Maecenas. Mwenyewe anasema hilo ndilo aliloomba: ardhi isiyo kubwa mno, bustani, chemchemi isiyokauka jirani na nyumba, na kijisitu juu yake. Lilikuwa na kaya tano za wakulima, na watumwa wanane. Idadi hiyo ya wanane tunaijua kwa njia isiyopendeza: katika shairi moja Horatius anamkasirikia mtumwa wake Davus na kumtishia kwamba asiponyamaza atapelekwa Sabini akawe wa tisa. Kwa hiyo tukisema Maecenas alimpa mshairi wakati wa kutunga, tukumbuke wakati huo ulitoka katika migongo ya nani.

Bado, kama zawadi kwa mshairi, hii ilifikiriwa vizuri. Shamba huzaa kila mwaka. Aliyelipokea hana haja ya kurudi kunyosha mkono mwezi ujao.

Sasa tazama shamba la Suetonius, mwandishi aliyekuwa chini ya ubawa wa Plinius. Alikitamani kishamba kimoja: karibu na jiji, barabara nzuri, nyumba ya kadiri, ardhi ya kumtosha kuinua kichwa na kupumzisha macho, apite kwenye njia yake moja ile ile, aijue mizabibu yake mmoja mmoja na kuhesabu miti yake. Maelezo hayo ni ya Plinius, na ni mazuri kweli kweli. Lakini barua hiyo Plinius aliiandika kwa nini? Alikuwa anamwomba rafiki wa muuzaji asaidie ili Suetonius auziwe kwa bei ya haki. Shamba lenyewe hakulinunua yeye. Alichotoa ni neno jema.

Si kwamba mkono wake ulikuwa mfupi. Mji wake wa Comum aliujengea maktaba, akautengea sarafu za sesterti 100,000 za kuitunza, akatoa 500,000 za kulea watoto, akaahidi theluthi ya mshahara wa mwalimu. Rafiki yake mmoja wa utotoni alipewa naye 300,000 ili afikie zile 400,000 zilizotakiwa kwa cheo cha mpanda farasi. Ukitaka kipimo, askari wa Augustus alilipwa sesterti 900 kwa mwaka. Plinius alitoa sana, ila alitoa kwa mji, kwa shule, kwa jamaa wa nyumbani. Mshairi Martialis, aliyekaa Roma miaka 34, alipochoka na kuamua kurudi kwao Bilbilis, Hispania, alipewa na Plinius nauli.

Nauli! Martialis huyo ndiye aliyeandika kwamba wakiwapo akina Maecenas, akina Vergilius hawatakosekana. Miaka mingi alikuwa amejifunga toga alfajiri, akazunguka nyumba za wakubwa kuwaamkia, na mwisho wa mizunguko akaambulia posho ya sarafu ndogo 100 zilizoitwa robo, ambazo ni kama sesterti sita na kitu. Shamba la maana la uzeeni alilipata Bilbilis, kwa bibi mmoja wa huko aitwaye Marcella.

Kwa upande wa Maecenas, wasifu wa kale wa Vergilius unasema mshairi huyo, kwa ukarimu wa marafiki, alifikia karibu sesterti milioni 10, na alikuwa na nyumba Esquiline jirani na bustani zile. Kwa Messalla hatuna hesabu za fedha. Watu wake hawakuzihitaji.

Bei

Hakuna cha bure. Maecenas hakuwa na haraka, lakini alikuwa na bwana wake, na bwana wake alitaka kusifiwa. Vergilius anataja kwa upole kwamba shairi lake la kilimo lilitokana na maagizo ya Maecenas yasiyo laini. Lilipokamilika mwaka 29 KK, alimsomea Octavianus siku nne mfululizo huko Atella, na kila sauti ilipomkauka Maecenas alipokea gombo akaendelea kusoma. Napenda picha hiyo: tajiri mkubwa amegeuka msomaji wa akiba. Lakini angalia pia msikilizaji ni nani.

Jambo la ajabu ni kwamba washairi wa Maecenas waligundua ufundi wa kukataa. Mshairi Propertius anamwambia kinagaubaga kwamba vita vya Kaisari, yaani Augustus, si saizi yake, yeye ni mtu wa mapenzi. Horatius anafanya hivyo mara kadhaa. Na kuna ile barua ya kishairi ambayo kwangu ndiyo hukumu ya kesi hii yote. Horatius aliahidi kukaa shambani siku tano. Akakaa Agosti nzima. Maecenas akanung'unika. Horatius anajibu kwamba Roma ni msimu wa homa na mazishi, majira ya baridi ataelekea pwani, mbayuwayu wa kwanza akionekana ndipo atarudi. Kisha anasimulia mkulima wa Calabria anayemshindilia mgeni mapeasi: kula, chukua, wapelekee watoto, ukiyaacha nguruwe watakula leo leo. Wewe, anamwambia Maecenas, hukunitajirisha namna hiyo. Anaongeza kisa cha mbweha mdogo aliyepenya ufa akaingia kwenye kihenge cha nafaka, akala akavimba, akashindwa kutoka. Kicheche akamwambia: ulipoingia ulikuwa umekonda, ukitaka kutoka konda tena. Kama kisa hiki ni changu, asema Horatius, narudisha kila kitu.

Wahenga wetu wanasema mfadhili mbuzi utakunywa mchuzi, binadamu ana maudhi. Maecenas angeweza kujisemea hivyo siku ile. Badala yake urafiki uliendelea mpaka kaburini, na katika wasia wake alimwachia Augustus maneno haya: Horatius Flaccus umkumbuke kama unavyonikumbuka mimi. Horatius alikufa mwaka ule ule, 8 KK, akazikwa Esquiline karibu na kaburi lake.

Bei ya Messalla ni ya kifamilia. Anataka shairi siku ya kuzaliwa kwake, shairi la gwaride lake, shairi mwanawe anapopata ukuhani. Anataka pia uandamane naye vitani. Tibullus alimfuata kuelekea Mashariki akaugua njiani, akaachwa kisiwa cha Corcyra akiwaza kufa bila mama wa kukusanya mifupa yake wala dada wa kumlilia. Kuna pia sifa ndefu za Messalla, mistari zaidi ya 200 ya mtunzi asiyejulikana, iliyopenyezwa katika kitabu cha tatu cha Tibullus. Ukiweza kuimaliza bila kupiga miayo, una subira. Lakini jambo moja humpati Maecenas akiliruhusu: Tibullus hamtaji Augustus hata mara moja katika mashairi yake yote. Mwenye nyumba aliyekataa ukuu wa jiji baada ya siku chache hakuwalazimisha wageni wake kumwimbia aliyemteua.

Na Plinius? Anataka umsikilize, maana naye anatunga. Aliambiwa kwamba beti anazisoma vibaya, basi akamwandikia Suetonius kuomba ushauri: amwachie mtumwa wake wa zamani asome. Wakati huo yeye afanye nini? Akae kimya kama si yake, au afuatishe kwa kunong'ona, kwa macho na kwa mkono, kama wafanyavyo wengine? Mtu mzima, konsuli, anauliza mikono aiweke wapi. Siwezi kumchukia.

Mezani

Kwa chakula, Plinius anawashinda wote. Alialikwa kwa mtu mmoja aliyekuwa na mvinyo wa madaraja matatu, mzuri kwake na wachache, mwingine kwa marafiki wa chini, na ule hafifu kwa walioachwa huru. Plinius akaeleza kwamba kwake wote hunywa sawa. Gharama? Ndogo, asema, kwa sababu hawanywi mvinyo wangu, mimi ndiye ninayekunywa wao. Meza ya Maecenas ilikuwa tajiri zaidi, ila Augustus aliitania kuwa meza ya wadoezi alipotaka kumhamisha Horatius akawe karani wake. Horatius alikataa, na hakufanywa lolote.

Mambo yakiharibika

Wa kukukinga hakuna. Shemeji yake Maecenas alipotajwa katika njama dhidi ya Augustus, Maecenas alimpenyezea mkewe Terentia siri ya upelelezi, na kuaminiwa kwake kukapungua. Kitabu cha mwisho cha Propertius hakimtaji kabisa. Ovidius, aliyetunga maombolezo yaliyoimbwa uwanjani siku ya maziko ya Messalla, alifukuzwa na Augustus mwaka 8 BK mpaka Tomis kwenye Bahari Nyeusi. Akawaandikia wana wa Messalla barua juu ya barua. Akafia huko huko.

Basi uende wapi

Kama huna kitu na una kazi ya miaka kumi kichwani, nenda kwa Maecenas. Vumilia miezi tisa, na jifunze kukataa kwa ulimi laini, maana ombi la Kaisari litakufikia tu.

Kama shamba unalo na siasa hutaki kuzisikia, Messalla. Na kama wewe ni mwanamke, sioni mlango mwingine. Mashairi sita mafupi ya Sulpicia ndiyo karibu yote tuliyonayo ya mwanamke wa Roma wa enzi ile, na yamehifadhiwa pamoja na ya watu wa nyumba hiyo. Katika moja anamlalamikia mjomba wake kwa jina: Messalla, unanijali kupita kiasi, unanipeleka Arretium kwenye baridi siku yangu ya kuzaliwa, nimwache mpenzi wangu Cerinthus mjini. Kumbe yeye naye alijua kusema hapana.

Kwa Plinius nenda ukiwa na njia nyingine ya kula. Atakusikiliza mpaka mwisho, atakuandikia barua ya kukutambulisha, na ukifa atakulilia kwa dhati, kama alivyomlilia Martialis: huenda aliyoandika hayatadumu, alisema, lakini aliyaandika kana kwamba yatadumu. Nyumba yake iko kilima kile kile cha Esquiline. Martialis mwenyewe alipotuma kitabu chake huko alikipa maelekezo ya njia: vuka mtaa wa Subura, panda kile kinjia chenye mwinuko, na usigonge mchana, maana mchana mwenye nyumba yuko kazini. Nenda usiku, taa zikishawashwa na mvinyo umeshaanza kuzunguka.